Mate ya Jumamosi

Jumamosi, saa tisa kasoro robo alasiri, Bwana Iftikhar alifunika mazulia ya mbele kwa karatasi ya nailoni, akasogeza kando vitabu vya vipande vya mfano, akamwambia mteja aliyekuwa akipapasa zulia la rangi ya maziwa kwamba ama anunue sasa hivi ama arudi saa kumi na nusu. Mteja aliuliza kuna nini. Iftikhar akamwambia kuna panki. Mteja akatazama saa yake, akasema basi atapita kwanza kwa muuza nyama, akatoka.

Duka hilo liko Halifax, kaskazini mwa Uingereza, bondeni, katika jengo ambalo mwaka 1978 lilikuwa klabu iliyoitwa Boila. Usiku Boila iliuza bia kwa watu wazima. Jumamosi alasiri iliuza maji ya machungwa, na hata walio chini ya miaka kumi na minane waliruhusiwa kuingia kuzitazama bendi za panki na za wimbi jipya, ule muziki wa makelele wa vijana wenye hasira, kabla mama zao hawajawaita kula.

Aliyeanzisha mambo yote ni Trevor Crabtree. Magoti yalipomshinda na kazi ikamwacha, alikaa nyumbani majira mazima ya baridi akitazama maonyesho ya zamani kwenye simu. Bendi za ujana wake zilikuwa zimelala humo zote, na yeye aliziamsha moja moja, akalia peke yake jikoni huku chai ikipoa. Siku moja alipata dakika kumi na moja za bendi ya hapo hapo nyumbani, Foleni ya Mkate, zilizorekodiwa kwa kamera na mwanafunzi wa chuo cha sanaa Novemba 1978 ndani ya Boila. Akaja dukani kumwonyesha Iftikhar jukwaa lilipokuwa. Aliegemeza simu kwenye zulia la ngazi lililoviringishwa, akaibonyeza, wakatazama wote wawili wamesimama. Jumamosi iliyofuata, saa tisa kamili, simu ikiwa mfukoni mwa Trevor nyumbani kwake, onyesho lilikuja lenyewe.

Lilikuja zima. Jukwaa lilikaa palipo mazulia ya ngazi. Vijana mia na arobaini walipita katikati ya ukuta, pale palipotundikwa vitambaa vya bafuni, kwa kuwa ndipo mlango wa Boila ulipokuwa. Nywele walikuwa wamezisimamisha kwa maji ya sukari, makoti yamelowa mvua ya mwaka ule. Walisukumana, wakakanyaga bidhaa, na bendi ilipoanza wakatema mate.

Ndivyo walivyoshangilia. Bendi mbovu ilipigiwa makofi ya adabu. Bendi iliyopendwa ilitemewa mpaka vidole vikateleza kwenye nyuzi za gita. Foleni ya Mkate ilipendwa sana, na saa kumi na robo, vijana walipoondoka kwa njia ile ile waliyojia, mazulia saba ya Iftikhar yalikuwa yamelowa. Ndiyo maana akaleta nailoni.

Habari zilienea polepole, na wale waliokuwa vijana wakaanza kuja. Walikuwa kama thelathini, kutoka Brighouse, Sowerby Bridge na vilima vya karibu, na kila mmoja alijitafuta katika umati mpaka akajiona. Vijana hawakufurahi kuwaona. "Babu, umepotea? Kanisa liko juu kule," waliambiwa. "Angalia hawa, maiti wamekuja kununua zulia." Mwanamke mmoja aitwaye Bev alitukanwa na yeye mwenyewe wa miaka kumi na sita, tusi ambalo alikuwa amelisahau, akaliandika nyuma ya risiti ili asilipoteze tena. Wazee walitemewa kama bendi, na wakafuta nyuso zao kwa madaha. Na damu ilipowachemka, nao walitema.

Gaynor Helliwell ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua, kwa sababu hakuna aliyetaka kumwambia kwamba Trevor yuko pale.

Mwimbaji wa Foleni ya Mkate alikuwa kaka yake, Russell. Mchana alifanya kazi kiwanda cha mazulia, akiunga nyuzi zilizokatika, na jukwaani akajiita Russ Fundo. Onyesho lile la Novemba lilikuwa la mwisho. Kabla ya wimbo wa kumalizia aliomba wasimtemee kwa dakika tatu, kwa kuwa ana wimbo mpya. Alifungua mdomo, na mate ya mtu yakaingia moja kwa moja mdomoni. Aliweka kipaza sauti sakafuni akatoka kwa mlango wa dharura. Mwaka mpya ulipoingia alikuwa njano kuanzia macho mpaka kucha, na Februari ini lake likamwua, na watu wakasema ugonjwa aliumeza katika mate yale. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Wimbo hakuuimba tena popote. Mama yao alipekua mifuko ya nguo zake zote, akapasua hata bitana ya koti, asipate karatasi, na miaka ishirini na mitano baadaye, akiwa kitandani anakata roho, bado aliuliza wimbo ule ulikuwa unasemaje.

Hospitalini Gaynor alimwinamia kaka yake akamwuliza ni nani aliyemtemea. Russ alimtazama dada yake, kisha akasema, "Trevor."

Hilo lilitosha. Gaynor alimwambia mama, mama akauambia mji. Siku ya mazishi wajomba wawili, pamoja na vijana wa Boila, walimfukuza Trevor langoni pa kanisa. Mchumba wake alirudisha pete. Madirisha ya nyumba ya mama yake yalivunjwa mara mbili, na mara ya pili aliyeyavunja ni Gaynor mwenyewe, kwa tofali, mchana, huku akitazamwa. Trevor alikana. Alisema alasiri ile alitema kama kila mtu, lakini ile moja hakutema. Hakuna aliyemsadiki, maana mtu aliyetema mara mia mbili atasadikiwaje kuhusu moja? Kwa miaka arobaini na sita Gaynor hakuwa amezungumza naye ila kwa matusi, na matusi hayo hakuyapunguza hata Krismasi.

Basi Jumamosi moja aliingia dukani saa tisa kasoro dakika tano, amevaa koti lake zuri, akapita mbele ya Trevor kama anayepita mbele ya pipa la taka, akasimama nyuma kabisa, kwenye mazulia ya vyumba vya watoto.

Alimwona kaka yake akipanda jukwaani na koti la suti la baba yao, mikono ya koti mirefu kuliko mikono yake. Hakulia. Alipandwa na hasira tu. Russ aliimba kama alivyokuwa akiimba, akiikwaruza sauti na kuwatazama watu kwa dharau, na watu walimpenda, na mate yaliruka chini ya taa mpaka shati likamgandama. Saa kumi na dakika tano aliinua mkono, akasema maneno yake, akafungua mdomo. Kutoka nyuma Gaynor aliona migongo tu. Mate yakatemwa. Russ akaweka kipaza sauti sakafuni, akatoka kupitia ukuta wa mazulia ya Ubelgiji, ulipokuwa mlango wa dharura.

Gaynor alimwendea Trevor palepale.

"Bado unatema," alimwambia.

"Na wewe bado una mdomo," alisema Trevor.

"Nimekuona. Wewe na yule mtoto wako mwenye pini shavuni."

"Yule si mtoto wangu. Yule ni mimi."

"Basi nitawaziba wote wawili. Nataka kuusikia ule wimbo, Trevor. Dakika tatu tu. Ukifumba domo lako dakika tatu nitausikia, halafu ufe ukitaka."

"Niko tayari kufumba tangu 1978," Trevor alisema. "Fumba utakavyo. Utaona."

Iftikhar, aliyekuwa akipangusa nailoni kwa tambara, aliinua kichwa. Alisema kufumba mdomo hakutoshi, mtu akisisimka hufumbua. Dawa ni kuukausha. Yeye kila mwaka hufunga mwezi mzima na anaujua mdomo mkavu, lakini hapa hakuna haja ya kwenda mbali hivyo. Akatoa chini ya meza pakiti ya biskuti zile nyembamba za chumvi, zisizo na sukari wala mafuta, ambazo watu wa pale hula na jibini. "Tatu, bila chai," alisema. "Hata ukitukanwa mama huwezi kutema. Jaribu, dada." Gaynor alikula tatu. Alijaribu kutema, akatoa vumbi.

Jumamosi iliyofuata alikuja na pakiti arobaini katika kigari cha kwenda sokoni.

Alianza na wazee. Walinung'unika, Bev akauliza kama hakuna hata siagi, lakini walikula, kwa sababu Russ alikuwa kaka yake, si kaka yao. Gaynor alimpa Trevor nne. Alimsimamia mpaka zikaisha, akamwambia afungue mdomo amkague, na Trevor akafungua mbele za watu, akiwa na miaka sitini na minne.

Saa kumi kasoro dakika tano, kabla ya nyimbo mbili za mwisho, aliingia katikati ya vijana.

"Sumu hiyo, bibi?"

"Biskuti."

"Za bure?"

"Kula unyamaze."

Walikula. Vijana wa Halifax saa kumi jioni, chakula kikiwa bado kwa mama, watakula chochote. Wengine walirushiana, mmoja alimtia mwenzake biskuti kwenye kola, lakini taya zilitafuna kila upande na mate yakapungua hewani kama mvua inayokatika. Trevor wa miaka kumi na minane alichukua sita, akazijaza zote kinywani kwa pamoja ili kuwachekesha rafiki zake, na Gaynor akamtazama kwa chuki kubwa mpaka mashavu yalipovimba pande zote mbili. Alikuwa tayari ameanza kufurahi.

Mbele kabisa, kifua kikigusa ukingo wa jukwaa, alisimama msichana aliyevaa mfuko mweusi wa taka, ameufunga kiunoni kwa mkanda wa mbwa. Gaynor alikuwa amejua tangu wiki iliyopita kwamba yupo. Hakuwa na hamu naye. Alimnyooshea biskuti bila kumtazama sana.

"Sitaki kitu chako," msichana alisema.

"Chukua moja."

"Unanuka kama mama. Toka hapa, unanizibia."

"Ni kwa ajili ya kaka yako, mpumbavu wee."

"Russ wetu anakujua wewe? Russ wetu anatujua sisi. Nenda kanunue zulia."

Sasa Gaynor alimtazama. Chini ya wanja mwingi, weupe wa macho ya msichana ulikuwa umeingia njano kidogo. Alikumbuka kwamba vuli ile yeye mwenyewe alikuwa mchovu wiki tatu nzima, chakula hakipandi, na mama akasema ni uvivu, akamtuma kuosha ngazi. Halikuwa jambo kubwa, lilikuwa limekwisha lenyewe kabla ya Krismasi. Wimbo wa pili kutoka mwisho ulikuwa unamalizika. Gaynor aliiacha biskuti ukingoni mwa jukwaa, akaenda kusimama karibu na kijana mwenye pini, maana huyo ndiye aliyemjia.

Saa kumi na dakika tano Russ aliinua mkono.

"Nina wimbo mpya," alisema. "Hamjausikia, msijifanye mnaujua. Nipeni dakika tatu, msinitemee. Baada ya hapo fanyeni mtakalo."

Wiki zote zilizopita kelele na mate vilikuwa vimemjibu. Safari hii vijana mia na arobaini na wazee thelathini walikuwa na unga mkavu vinywani, na walichoweza kufanya ni kutafuna. Wakanyamaza. Russ mwenyewe alionekana kutoamini. Alitazama huku na huku, akatabasamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya jukwaani, na Gaynor akaona jino lake lililovunjika, akaona ni mtoto tu. Gita lilipiga mpigo mmoja ambao hakuna aliyekuwa hai aliyewahi kuusikia. Ulikuwa wa polepole. Trevor mzee alikuwa amefumba macho. Trevor kijana alikuwa bado anahangaika na biskuti zake sita, makombo yakimdondoka kidevuni.

Russ alivuta pumzi, akafungua mdomo.

Msichana wa mbele alimtemea. Alifanya hivyo kwa mapenzi yake yote, maana hapakuwa na mtu Halifax aliyempenda Russ Fundo kumzidi, na hakutaka ukimya ule uwafanye watu wadhani kaka yake ni bendi mbovu. Alikuwa amejikusanyia mate tangu wimbo uliopita. Yaliingia ndani ya mdomo, mpaka kooni, na Russ akameza kabla hajajua.

Alimtazama msichana. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kumtambua dada yako. Kisha aligeuza kichwa taratibu, akamwangalia rafiki yake Trevor aliyesimama hatua nne pembeni, mashavu yamejaa, akacheka kidogo peke yake. Akaweka kipaza sauti sakafuni, akatoka.

Vijana waliendelea kutafuna. Walipoona hakuna kitu tena, walianza kuondoka kupitia vitambaa vya bafuni, wakilalamikia kiu. Msichana alikuwa akiwaambia wenzake kwamba yamempata Russ wetu sawasawa, mdomoni, walimwona?

Gaynor alisimama palepale. Alasiri ile ya 1978 alitema mara nyingi kama kila mtu, na hakuwa na sababu ya kuiweka kumbukumbu moja kati ya hizo. Hospitalini alipouliza, aliuliza kwa sababu kweli hakujua.

Trevor alichelewa kuzungumza kwa sababu biskuti nne hazimezeki bila chai. Iftikhar alimletea kikombe cha maji. Alikunywa chote, akarudisha kikombe, akashukuru.

"Umeona," alisema.

"Nimeona," alisema Gaynor.

"Basi sema."

Wazee thelathini walikuwa wamegeuka. Walikuwemo waliomfukuza langoni pa kanisa, na aliyeoa yule mchumba aliyerudisha pete. Trevor hakuwa na hasira usoni. Alikuwa amevua kofia yake na kuishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyeambiwa kwamba jina lake litasomwa sasa hivi.

"Ulimsukuma," Gaynor alisema.

"Nilimsukuma nani?"

"Yule msichana. Ulimpiga kiwiko. Ndiyo maana yakamtoka."

"Gaynor. Nilikuwa hatua nne."

"Una mikono mirefu. Ulimpiga kiwiko, nimekuona kwa macho yangu."

Kisha Bev akasema kwamba hata yeye aliona kama kiwiko. Mwanamume kutoka Brighouse alisema kiwiko kilikuwepo, alikiona vizuri kutoka kwenye mazulia ya sufu. Mwingine akasema Trevor alikuwa na viwiko tangu shuleni. Walikubaliana haraka, wakaanza kufunga vifungo vya makoti.

Trevor alivaa kofia yake. Alitoka kwa mlango wa kawaida wa duka, na kengele ya mlango ikalia kama inavyolia kwa kila mtu.

Gaynor alimsaidia Iftikhar kukunja nailoni. Haikuwa imelowa siku hiyo, ila pahali pamoja, mbele. Alimwambia ni afadhali Trevor asiingie tena, kwa amani ya wengine. Iftikhar alifikiri. Mwaka 1978 alikuwa na miaka kumi na sita, na kila Jumamosi mwezi ule alikuja Boila na nauli yake na kiingilio chake, na kila Jumamosi bawabu alimwambia pamejaa, naye akiona kwa macho yake kwamba hapajajaa. Alisikiliza maonyesho yote kutoka barabarani.

"Dirishani panatosha," alisema. "Mimi nilisikia vizuri tu."

Sasa kila Jumamosi Gaynor hufika saa tisa kasoro robo na kigari chake. Huwapa biskuti wazee, huwapa vijana, na vijana humtukana na kula. Kwa msichana wa mbele hapiti, maana hakuna faida. Saa kumi na dakika tano Russ huinua mkono, hutabasamu, gita hupiga ule mpigo mmoja wa polepole, na hapo Gaynor hugeukia mazulia ya vyumba vya watoto, kule nyuma, na kusoma vibandiko vyake, sufu asilimia themanini, nailoni asilimia ishirini, mpaka asikie kipaza sauti kikigusa sakafu.

Nje, Trevor huwa amesimama kwenye mvua, paji la uso limegusa kioo. Siku hizi huja watu wageni, hata wa kutoka Leeds, waliosikia habari za onyesho, na likimalizika huuliza ni nani aliyefanya unyama ule. Gaynor hana haja ya kufungua mdomo. Huwaonyesha dirishani.